Meli za Ziwa Tanganyika: vipuri vitatoka fungu gani?

Kwa mkazi wa Msangano, mkoani Songwe, shehena ya Congo ni foleni ya malori pale Tunduma. Njia ya maji kupitia bandari ya Kasanga ipo, lakini meli huhitaji matunzo. Liemba ni ushahidi. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaisafirisha vipande vipande hadi Kigoma. Mwaka 1915 ikaelea, ikabeba askari na shehena za vita. Mwaka 1916, kabla ya kuizamisha, mafundi wao walizipaka injini grisi. Kazi ndogo hiyo! Waingereza waliiibua mwaka 1924, ikarejea kazini mwaka 1927. Serikali inapopanga meli mpya, ieleze kwanza chelezo, vipuri na mishahara ya mafundi vitatoka fungu gani.