Si kila kikohozi ni TB

Mama mdogo wangu hapa Sumbawanga amemezeshwa dawa za kifua kikuu zaidi ya mara moja, ingawa makohozi yake hayajawahi kuonyesha vimelea. Sigara hajawahi kuigusa. Majirani wanasema karogwa, basi.

Lakini mapafu huweza kuharibika bila TB, sigara wala uchawi. Mwaka 1963, Laurell na Eriksson wa Sweden walieleza kasoro ya kurithi: ini hutengeneza protini iitwayo alfa-1 antitripsini, inayosafiri kwa damu hadi mapafuni kuzuia kimeng'enya cha chembe nyeupe kisitafune mapafu yenyewe. Protini hiyo ikijikunja vibaya hukwama kwenye ini na kulidhuru, na mapafu hubaki bila mlinzi.

Sidai kipimo cha kasoro hiyo kije hapa Rukwa kesho. Huwapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya, na kwa mama mdogo naushuku kwanza moshi: Juni na Julai huku Ufipa ni baridi kali, mlango wa jiko hufungwa na kuni huwaka tangu alfajiri. Ninachodai ni spairomita, mashine ya kupima pumzi, katika kila kituo cha afya, pamoja na mtu anayejua kuisoma. Makohozi yakiwa safi, mgonjwa apulize kabla ya kuandikiwa tena vidonge vya miezi 6. Na aulizwe: kwenu nani mwingine hukosa pumzi, nani aliugua ini? Mama mdogo hajaulizwa.