Nani Kasema Hatusomi?

Muhula uliopita mwalimu wetu mmoja aliingia darasani, akaweka mkoba wake mezani, akatuambia kwamba Warundi hawasomi. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akaongeza ule msemo uliochakaa, kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke ndani ya kitabu. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Jioni, nikiwa nyumbani Musaga, ndipo nilipojiuliza: amejuaje?

Swali hili si utovu wa adabu. Mtu akituambia ziwa Tanganyika limejaa, tunakwenda Gatumba tunaziona nyumba zilizoingiwa na maji. Akituambia mchele umepanda, tunakwenda sokoni na faranga zetu. Lakini akisema watu hawasomi, hakuna anayemwuliza alipimia wapi. Tunaitikia tu, kisha nasi tunakwenda kuwaambia wadogo zetu.

Nitawachukua Waingereza kwa mfano, si kwa sababu nawaabudu, bali kwa sababu mwalimu wetu ndio anaopenda kutulinganisha nao. Mwaka 1996 Chuo Kikuu Huria cha kwao, kikishirikiana na Maktaba ya Uingereza, kilianza kukusanya ushahidi wa jinsi watu wa kawaida walivyosoma tangu mwaka 1450 hadi 1945. Kanzidata hiyo ina kumbukumbu zaidi ya 30,000. Zimetolewa kwenye shajara, barua, kesi za mahakamani, hata maneno yaliyoandikwa kwa kalamu pembeni mwa kurasa. Watu wa kujitolea walisaidia kuzitafuta. Kila kumbukumbu inataja, pale inapowezekana, nani alisoma, alisoma nini, wapi na lini. Na pia kama alisoma kimya au kwa sauti, peke yake au mbele ya wengine. Na huyo aliyekaa akisikiliza naye anaandikwa.

Miongoni mwa waliomo ni Samuel Pepys, ofisa wa idara ya jeshi la majini, aliyeandika shajara tangu 1660 hadi 1669. Februari 1668 alinunua kitabu cha Kifaransa cha mambo ya chumbani. Alichagua nakala yenye jalada la hovyo kwa kuwa alikusudia kukichoma akishakimaliza. Akakisoma, akakichoma, kisha akaandika kwamba amefanya hivyo. Kwa hiyo hata aibu ya mtu wa London ya miaka mia tatu na hamsini iliyopita ina kumbukumbu. Ya jirani yangu ya juzi haina.

Tena msidhani wao hawakuwahi kusemwa. Wafanyakazi wao walidharauliwa na matajiri kwamba hawana kichwa cha vitabu. Walipokuja kutafuta katika kumbukumbu walizoacha wafanyakazi wenyewe, wakawakuta wachimba makaa ya mawe wa Wales waliokuwa wakichanga kutoka mishahara yao ili kujenga maktaba. Kilichowatetea ni karatasi, maana waliandika, na kuna waliotunza.

Sasa turudi nyumbani. Kwa wiki moja nilitembea na daftari hapa Musaga. Sikufanya utafiti, msiniulize asilimia. Niliandika tu nilichokiona. Mzee zamu wa nyumba ya pili husoma Zaburi usiku kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na hufuata mistari kwa kidole kana kwamba ni karatasi. Kijana wa pikipiki, kijiweni, huwasomea wenzake habari za Simba na Yanga kwa Kiswahili, kisha wanazibishana kwa Kirundi. Mama anayeuza mandazi hufungia bidhaa yake kwa fotokopi za mitihani ya zamani. Nilimkuta akiisoma moja kabla ya kuikunja, akaniuliza fotosinthesi ni nini. Nyumbani kwetu bibi hajui herufi hata moja, lakini kila Jumapili jioni binamu yangu humsomea Injili kwa sauti, na akiruka mstari, bibi humrudisha nyuma.

Kwa hesabu ya mwalimu wetu, wote hao hawasomi, kwa kuwa hakuna aliyeshika riwaya. Kwa hesabu ya hao Waingereza anaowasifu, wote wangeandikwa, na bibi yangu wa kwanza!

Hapa kuna jambo linaloniuma, na ndilo lililonifanya niandike insha hii badala ya ile ya ngeli za nomino niliyokuwa nimeianza. Babu yangu aliishi Kigoma tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 na alirudi Burundi baada ya vita. Alirudi na sanduku la bati. Humo mlikuwa na kijitabu cha Mtu ni Afya, ile kampeni ya mwaka 1973 ambapo Watanzania wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma pamoja juu ya vyoo, maji na malaria. Pembeni mwa kurasa babu alikuwa amechora choo chake na vipimo vyake, na mahali pamoja ameandika kwa penseli kwamba kikundi kimebishana. Nilikiona nikiwa na miaka tisa au kumi. Babu alipofariki, shangazi aliuza karatasi zote kwa muuza karanga. Simlaumu. Nani alikuwa amewahi kumwambia kwamba zile ni kitu?

Mtoto wa Kiingereza angekipeleka kijitabu kile kwenye kanzidata. Sisi tulikigeuza vifuko vya karanga, na sasa mjukuu anaambiwa darasani kwamba ukoo wake haukusoma.

Wengine watasema kwetu tatizo ni la zamani zaidi, kwamba hatuna utamaduni wa vitabu. Nawaomba wakumbuke mwaka 1972. Walimu na wanafunzi wengi waliuawa, na baada ya hapo kuna wazazi waliokataa kupeleka watoto shule kwa sababu waliona elimu ndiyo iliyowaponza wakubwa wao. Hapa kusoma kuliwahi kuwa sababu ya kufa. Ukikutana na mzee anayeficha karatasi zake au aliyezichoma, usikimbilie kusema ni mvivu wa kusoma.

Rafiki yangu mmoja aliyeisoma rasimu hii aliniambia natetea makosa, kwamba kusoma habari za mpira si kusoma. Sawa, tubishane. Lakini tutabishanaje bila kumbukumbu? Huenda tukiandika kwa miaka kumi tutakuta kweli vitabu vinasomwa kidogo mno Musaga. Basi tutajua ni kwa sababu ya bei, au ya umeme, au ya lugha, maana mtoto wa hapa husemeshwa Kirundi jikoni, Kifaransa darasani na Kiswahili mtaani, na kitabu akikipata hakijui kitamjia kwa lugha ipi. Kila sababu ina dawa yake. Lakini "hawasomi" haina dawa. Ni tusi tu, na anayelitoa hulala akiwa ametulia, kwa kuwa hadaiwi maktaba.

Ndiyo maana nawashitaki pia wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, na mimi nikiwa wa kwanza kizimbani, kwani nilicheka. Kila mwaka tunaandika tasnifu juu ya wahusika wa riwaya zile zile, zilizokwisha kuandikiwa tasnifu Dar es Salaam na Nairobi. Hakuna aliyekwenda Buyenzi kumwuliza mzee alijifunza kusoma Kiswahili kwa kitabu gani, na nani alikuwa amekaa naye. Wazee hao wanapungua kila mwaka.

Mimi nimeanza. Daftari langu lina kurasa kumi na nne. Jana mama wa mandazi aliniita tena. Ameniwekea karatasi tatu ambazo hakutaka kuzifungia kitu, kwa sababu, anasema, hadithi iliyomo bado hajaimaliza.