Usugu wa malaria: Dawa iliyotokana na mmea yaanza kulegea mashariki mwa Uganda

Katika Hospitali ya Rufaa ya Jinja, mji ulio kwenye ukingo wa Mto Nile, mtoto anayefikishwa akiwa amepoteza fahamu kwa malaria kali hupewa sindano ya artesuneti. Mbale, chini ya Mlima Elgon, tiba ni hiyo hiyo. Dawa hiyo, ambayo asili yake ni mmea, imekuwa tegemeo la kwanza la wodi za watoto kwa zaidi ya muongo mmoja. Hata hivyo, utafiti uliofanyika Jinja na kuchapishwa Novemba 2024 katika jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, umeonesha kwamba tegemeo hilo limeanza kulegea.

Watafiti kutoka Uganda, Marekani na Uingereza waliwafuatilia watoto 100 waliolazwa Jinja kwa malaria kali. Kwa watoto 11 kati yao, vimelea vilichukua zaidi ya saa tano kupungua kwa nusu katika damu. Hicho ndicho kipimo ambacho wataalamu hukitumia kutambua usugu wa kiasi dhidi ya dawa za jamii ya artemisinini. Watoto 10 walirudiwa na malaria ndani ya siku 28 ingawa walikuwa wamedhaniwa kupona, na uchunguzi wa vinasaba ulionesha kuwa vimelea vilikuwa vile vile vya awali.

Usugu wa aina hii ulikwisha kuthibitishwa kaskazini mwa Uganda mwaka 2021. Jipya lililotoka Jinja ni kwamba umeonekana kwa watoto wa Kiafrika walio mahututi, wagonjwa ambao hawana muda wa kusubiri.

Kutoka jani hadi sindano

Ili kuelewa uzito wa habari hii, yafaa kutazama dawa yenyewe. Artemisinini hupatikana katika majani ya artemisia, mmea wa jamii ya pakanga uliotumiwa na waganga wa China kwa karne nyingi kutibu homa. Mwaka 1971 mwanasayansi Tu Youyou aligundua kwamba kuyachemsha majani hayo kuliharibu nguvu yake. Badala ya maji moto alitumia etha kwa joto dogo, akapata kiini kilichoua vimelea. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Ndani ya artemisinini mna atomi mbili za oksijeni zilizoungana mfano wa daraja. Kimelea cha malaria huishi ndani ya chembe nyekundu ya damu na kujilisha himoglobini, ambayo ina chuma. Kadiri kinavyokula ndivyo chuma hicho kinavyofunguka, nacho hulivunja daraja la oksijeni. Hapo dawa hugeuka kuwa kemikali kali inayoziunguza protini za kimelea. Kwa maneno mengine, kimelea huiwasha sumu kwa chakula chake chenyewe.

Artemisinini ghafi haiyeyuki vizuri katika maji. Wanakemia waliibadilisha, wakapata artemeta inayoyeyuka katika mafuta na artesuneti inayoweza kuingizwa katika mshipa. Artesuneti nayo haidumu ikiwa majimaji. Ndiyo sababu muuguzi hupokea kichupa cha unga, akauchanganya na bikaboneti na kuutumia mara moja.

Kimelea kinachojinyima chakula

Vimelea sugu vina mabadiliko katika jeni iitwayo kelch13. Mabadiliko hayo hupunguza kiasi cha himoglobini ambacho kimelea kichanga hukila. Chakula kikipungua, chuma nacho hupungua, na dawa haiwashwi ipasavyo. Kimelea hufunga kinywa na kusubiri.

Kusubiri huko kuna faida kwa kimelea kwa sababu dawa za artemisinini hutoka mwilini ndani ya saa chache. Kwa hiyo hazitolewi peke yake. Katika dawa mseto inayotumika zaidi Uganda, artemeta huambatana na lumefantrini inayobaki katika damu kwa siku kadhaa. Ya kwanza huua vimelea vingi kwa haraka, ya pili humalizia vilivyosalia. Iwapo ya kwanza itaacha masalia mengi, mzigo wote utaiangukia ya pili, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Usugu wa kiasi si sawa na dawa kushindwa kabisa, lakini huyaweka matumaini yote juu ya dawa shirika.

Mbale na swali la kwinini

Je, hospitali haziwezi kurejea kwenye kwinini? Dawa hiyo nayo ilitokana na mmea, magome ya mti wa sinkona, na ilitengwa kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1820. Jibu limo katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika. Kati ya waliopewa kwinini, asilimia 10.9 walifariki, ikilinganishwa na asilimia 8.5 ya waliopewa artesuneti. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani, WHO, likapendekeza artesuneti kwa watoto pia.

Mbale ina sababu ya ziada ya kutafakari. Watafiti wa mji huo wameripoti watoto wengi wa mashariki mwa Uganda wanaougua upungufu mkubwa wa damu huku mkojo wao ukiwa mweusi. Hali hiyo tangu enzi za ukoloni ilihusishwa na matumizi ya kwinini, ingawa chanzo chake kwa watoto wa leo bado kinachunguzwa. Kurudi nyuma, kwa hiyo, si njia nyepesi.

Siku tatu baada ya sindano

Udhaifu mkubwa zaidi huenda usiwe wodini bali nyumbani. Mtoto akishazinduka na kuweza kumeza, hupaswa kumaliza dozi kamili ya dawa mseto kwa siku tatu. Lumefantrini hufyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, au maziwa. Mzazi anayeahirisha vidonge kwa sababu homa imeshuka, au anayemgawia mtoto mwingine nusu ya dozi, anaviachia nafasi vimelea vyenye ustahimilivu. Lakini lawama haiwezi kuwa ya mzazi peke yake pale vidonge vinapokosekana zahanati, au duka linapouza dawa bila kupima damu.

Hilo linagusa pia chai ya artemisia, ambayo baadhi ya watu huinywa kama kinga au tiba. WHO haipendekezi matumizi hayo. Kiasi cha artemisinini katika kikombe hakitabiriki na mara nyingi ni kidogo mno kutibu, na dozi hafifu huweza kuchochea usugu. Mululuza, mti mchungu unaotumiwa kwa homa katika nyumba nyingi za Uganda, unastahili kuchunguzwa kwa makini maabara, lakini usichukue nafasi ya kipimo na dozi kamili kwa mtoto mwenye malaria.

Mkakati wa WHO wa mwaka 2022 kuhusu usugu barani Afrika unahimiza ufuatiliaji wa vinasaba na matumizi ya zaidi ya dawa mseto moja, ili vimelea visizoee shirika mmoja. Aprili 2025 Uganda ilianza pia kutoa chanjo ya R21 kwa watoto. Chanjo na vyandarua hupunguza idadi ya wanaougua, hivyo hupunguza mara ambazo dawa hujaribiwa. Kinyume chake, kusitishwa kwa misaada ya Marekani mapema mwaka 2025 kulizitikisa nchi zilizoitegemea katika mapambano dhidi ya malaria, Uganda ikiwemo.

Artesuneti bado inaokoa maisha Jinja na Mbale, na hakuna mzazi anayepaswa kuikataa. Swali lililo mbele ya Wizara ya Afya ni kama dawa shirika zitabadilishwa na vidonge kufika vijijini kabla lumefantrini nayo haijaelemewa. Kuna dawa mpya zinazokaribia kukamilika, lakini mtoto anayelazwa usiku huu anaitegemea hii iliyopo.