Posa ya Vitisho Isiitwe Heshima



Ndugu wazazi, vijana wetu, na watu wazima pia, wanaisifu sana ile sehemu ya filamu ya The Godfather (1972) ambapo Michael Corleone anaoa huko Sicily. Wanatuambia: "Tazameni, hata hao wana haya kama sisi. Kaenda kuposa kwa baba, na wachumba wakitembea, akina mama wako nyuma yao."

Sisi tunasema heshima hapo haipo. Michael alikuwa ameua watu wawili mgahawani New York, mmoja wao kapteni wa polisi, akakimbilia Sicily kujificha. Anamwona Apollonia njiani, kisha anakutana na baba yake, mzee Vitelli mwenye mkahawa. Mzee anakasirika. Ndipo Michael, kwa upole kabisa na kupitia mkalimani, anamweleza kuwa yuko mafichoni, na wapo watakaolipa pesa nyingi kujua alipo, lakini hapo binti atapoteza baba badala ya kupata mume. Jamani, hiyo ni posa? Ni kumtia mtu kisu shingoni kwa maneno ya adabu! Na mzee anakubali pale pale, anamwambia aje Jumapili.

Mtatujibu kuwa binti alitabasamu na kuuvaa mkufu aliopewa. Ni kweli. Lakini hatuoni popote akielezwa kuwa mchumba ana damu mikononi. Baba alijua kuwa mtu huyu anawindwa, akanyamaza. Bomu lililotegwa garini lilikuwa la Michael. Aliyewasha gari ni Apollonia, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuendesha. Mume akarudi Marekani, akaoa mwingine.

Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) ametufundisha kuangalia dini na tabia ya anayeposa, na bikira aombwe idhini yake. Idhini ya asiyejua anachokubali ni idhini gani? Walii hakuwekwa kupokea mahari tu. Amewekwa achunguze.

Tunasema haya kwa uchungu. Tulihudhuria posa moja hapa mtaani, maneno yote yakawa ni gari la kijana na nyumba anayojenga. Mmoja wetu akauliza: "Kijana, kazi yako hasa ni ipi?" Wazee wakakohoa. Mjomba mtu akasema: "Maalim, usituharibie shughuli." Binti alikuwa mwanafunzi wetu, amebakiza juzuu mbili akhitimu. Ndoa ikafungwa.

Mwaka wa pili kijana alikamatwa mpakani, na mkewe, mtoto mgongoni, akahojiwa siku tatu juu ya mizigo asiyoijua. Juzi baba yake alikuja madrasa kutuuliza afanye nini. Tukamwambia aanze kwa kumuuliza binti mwenyewe anataka nini. Alituangalia kama mtu asiyetuelewa, kisha akauliza ni nani aende amuulize.