Eshapema mupya, filtri wazi: jikleri tubadilishe ao tuache?

Kila musimu wa kakao swali hili linarudi. Motari ametosha eshapema ya kiwanda, ameweka ile inayolia kwa nguvu, kisha amefungua na boksi ya filtri ili mashine "ipumue". Sasa fundi anaomba makuta ya kubadilisha jikleri, kale kashaba kenye tundu kanakopima esansi ndani ya kabureta. Je, anatudanganya?

Sisi tunasema: fundi hadanganyi. Lakini makuta hayo kopa isingepaswa kuyatoa.

Tuelezane. Mashine inachoma esansi pamoja na hewa, kwa kipimo: karibu gramu 15 za hewa kwa gramu 1 ya esansi. Ukinunua eshapema ingine yenye umbo sawa na ya kwanza, usiguse jikleri. Ukiweka ile iliyo tupu ndani, kipimo kinaweza kubadilika kidogo. Angalia buji kwanza. Lakini ukifungua na filtri, hewa inaingia nyingi na esansi haiongezeki vya kutosha. Joto linapanda, na pikipiki yenye kupandisha mifuko ya kakao mulimani inaweza kuunguza pistoni. Hapo sherti jikleri kubwa zaidi, nayo inakula esansi zaidi.

Kwetu kuna na jambo lingine. Butembo iko juu, zaidi ya metre 1,700. Beni iko karibu metre 1,100. Kule juu hewa ni nyepesi. Kwa hiyo pikipiki iliyofunguliwa inaweza kutembea muzuri Butembo, halafu ikifika Beni upungufu wa esansi unaonekana. Motari analalamika kwamba esansi ya Beni ni mubaya. Pengine ni kweli, lakini panda mulima na muzigo, zima mashine, ngoja ipoe, toa buji. Rangi ya kahawa ya maziwa: iko sawa. Nyeupe: esansi ni kidogo. Nyeusi ya masizi: ni nyingi, ao filtri imeziba.

Wamotari tunawaelewa. Eshapema ya kwanza inaoza kwa kutu, na sauti kubwa inaonya watu kwenye kona. Lakini honi pia inaonya. Na hata fundi akiweka jikleri ya kufaa kabisa, haizuie vumbi. Vumbi ya barabara ya Beni–Butembo ikipita bila filtri, inakwangua silindri na pete za pistoni mpaka mashine inaanza kunywa mafuta.

Basi, maoni yetu ni haya. Pikipiki ya kopa ibaki na filtri yake. Ile ya sifongo ioshwe kwa maji na sabuni, ikauke, ipakwe mafuta kidogo. Ile ya karatasi isioshwe, ibadilishwe. Namba iliyoandikwa juu ya jikleri iingie katika daftari, ili kila fundi ajue alichokikuta. Na asikubaliwe mutu kupanua tundu kwa waya: likishapanuka, halirudi.

Anayetaka mashine ilie, alie na yake. Pistoni ya kopa inalipwa na kakao ya wamemba wote, hata yule mama anayetembea kwa miguu mpaka depo.