Inaingia, lakini inafaa?

Kwanza mniwie radhi kwa kimya cha wiki mbili. Nilikuwa nahangaika na gari, na mahangaiko hayo ndiyo yamenipa mada. Leo si siasa, leo ni tairi.

Anayekaa huku Mkuyuni anajua. Barabara ya Kenyatta ni lami, unateleza tu kwenda Butimba na Nyegezi. Lakini ukikata kona kupanda mlimani kwenye makazi, ni mawe na makorongo, na gari dogo linakwaruza tumbo. Ndiyo maana wengi wetu wenye vigari vya Kijapani tunaweka spesa ili kulinyanyua gari, au tunafunga tairi pana zaidi huku rimu zikibaki zile zile zilizokuja na gari. Rimu nyingine ni gharama, tairi za mtumba zipo. Na tuseme ukweli jamani, tairi pana inapendeza! Gari linaonekana limesimama.

Nami sikutaka kubaki nyuma. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema 175/65R14. Nikaonyeshwa 195/65R14 za mtumba, kashata bado nene. Nikauliza, "Mzee, hizi zitakaa kweli?" Akajibu, "Inaingia hiyo, kijana wangu. Utanishukuru." Ikaingia kweli. Nikashukuru, nikalipa, nikaondoka kifua mbele.

Wiki ya tatu nikampeleka mama msibani Misungwi. Nyuma wamebanana watu watatu, kwenye buti kuna gunia la mchele. Kila tukiruka tuta nasikia kitu kinakwaruza nyuma. Nikajipa moyo kwamba ni shokapu. Tulipokaribia Usagara mama akasema, "Mwanangu, kuna kitu kinaungua." Nikasimama, nikainama. Ukingo wa madigadi ulikuwa umeila tairi begani mpaka nyuzi ziko nje. Tungeendelea na mwendo ule, na mama yangu akiwa ndani... sitaki hata kufikiria.

Nilifunga spea, tukaenda taratibu. Niliporudi ndipo nikaanza kusoma, kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya kulipa.

Haya, tuelewane kuhusu zile namba. 175 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu wake, yaani asilimia 65 ya huo upana. 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Angalia mtego ulipo: kwa sababu kimo ni asilimia ya upana, ukiongeza upana na ile 65 ukaiacha, tairi inapanuka na inarefuka pia. 175/65R14 ina kipenyo cha milimita 583 hivi. 195/65R14 inafika 609. Tofauti ni milimita 26, kama asilimia 4.5. Ushauri unaotolewa sana duniani ni kutozidi asilimia 3.

Sasa sikiliza kichekesho. Gari linanyanyuka kwa nusu tu ya hiyo tofauti, maana nusu nyingine inakwenda juu, kwenye madigadi. Milimita 13! Unene wa kidole. Ndicho nilichokinunua ili nishindane na mawe ya Mkuyuni. Na zile milimita 13 nyingine za juu, ukijumlisha na upana ulioongezeka, ndizo zilizokwenda kukutana na bati.

Kuna na dashibodi. Tairi ikiwa kubwa, mzunguko mmoja unakwenda mbali zaidi, lakini mshale haujui. Kwa hesabu, ukisoma 50 unatembea 52 na zaidi. Watengenezaji huwa wanaacha kanafasi ili mshale usije ukasoma chini ya mwendo halisi, sasa wewe unakamaliza mwenyewe. Halafu ukipigwa tochi sehemu ya 50 unamlaumu trafiki!

Lakini kubwa kuliko yote ni rimu, na hili ndilo hatulizungumzi. Rimu nayo ina upana wake, mara nyingi umegongwa kwenye chuma chenyewe. Yangu imeandikwa 14x5J, yaani upana wa inchi 5. Kwa viwango vya watengenezaji, 175/65 inataka rimu ya inchi 5 hadi 6. 185/65 inakubali 5 hadi 6.5. 195/65 inaanzia 5.5. Kwa hiyo yangu ilikuwa nje ya kipimo tangu siku ya kwanza, hata kama isingegusa bati. Tairi pana kwenye rimu nyembamba inabanwa miguuni, tumbo linatoka nje, kashata za katikati zinaisha haraka, na kwenye kona gari linayumba kabla ya kutii usukani.

Na mvua je? Wengi tunaamini tairi pana inashika zaidi. Kwenye lami kavu, na kwenye rimu inayoifaa, inaweza kusaidia. Lakini kwenye maji yaliyotuama tairi pana inapata shida zaidi kuyakata, hivyo inaelea mapema. Sisi wa kando ya Ziwa tunazijua mvua zetu.

Najua atatokea mdau aseme, "Mbona mimi natembea nazo mwaka wa pili?" Sawa kaka, huenda rimu zako ni pana kuliko zangu, au hujawahi kupakia watu watano na gunia. Sisemi upana hauongezwi kabisa. Unaongezwa, ila kwa hatua. Mwenye 175/65R14 kwenye rimu ya inchi 5 anaweza kwenda 185/65R14. Kipenyo kinaongezeka asilimia 2.2 tu, na rimu inakubali. Hata hapo pakia watu, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, uone kama kuna panapogusa. Angalia na namba ya uzito: 82 maana yake kilo 475 kwa tairi moja, usishuke chini ya ile ya kiwandani. Kisha soma tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nene kwenye tairi iliyozeeka ni mapambo tu.

Mtazamo wangu ni huu: kuingia si kufaa. Fundi anaangalia kama inaingia, hiyo ndiyo kazi aliyoombwa. Kuuliza kama inafaa ni kazi ya mwenye gari. Na pesa ya kununua tairi nne pana za mtumba, bora uiongezee ununue mpya za saizi ya kiwandani. Mawe ya mlimani endesha taratibu, hayana dawa ya milimita 13.

Na sisi waandishi tujisute pia. Mara ngapi tumeandika "chanzo cha ajali ni kupasuka kwa tairi" tukaweka nukta? Hatuulizi ilikuwa saizi gani, ya mwaka gani, kwenye rimu gani. Mimi nimeandika hivyo zaidi ya mara moja. Nikiandika tena, nitauliza.

Kesho asubuhi kabla hujawasha gari, fungua mlango usome kile kibandiko, halafu zunguka usome tairi zako. Vinaongea lugha moja?

Alamsiki.