Genesis: walioacha jaribio ndio walioiangusha

Siku ya Jumatano tarehe 8 mwezi wa tisa mwaka wa 2004, karibu saa nne za asubuhi, kapsuli ya Genesis ilishuka kutoka anga za juu na kujipigiza katika ardhi ya jangwa la Utah, inchini Marekani, kwa mwendo wa kilometa karibu 311 kwa saa. Hakuna parashuti hata moja iliyofunguka. Helikopta mbili zilikuwa tayari angani, zikiongozwa na marubani waliozoea kurukia watu wa sinema, zikingoja kuinasa kwa ndoano wakati ingekuwa bado inaelea. Hazikupata cha kunasa. Kapsuli ilizama nusu katika udongo, ganda lake likapasuka, na kamera zikaonyesha yote moja kwa moja.

Tangu siku hiyo habari hii inasimuliwa kwa namna mbili. Wa kwanza wanasema ni bahati mbaya, kisa ni swichi ndogo tu. Wa pili wanasema hakuna hasara, kwa sababu wanasayansi walipata walichokuwa wanatafuta. Wote wawili wanaficha jambo moja: kulikuwa na jaribio ambalo lingeonyesha kosa mbele ya safari, na jaribio hilo liliachwa.

Tuanze na kile kilichokuwa ndani. Genesis iliondoka Florida mwezi wa nane mwaka wa 2001. Ilikwenda kusimama umbali wa kilometa milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa jua, ikafungua sahani zake na kungoja. Kwa zaidi ya miaka miwili sahani hizo za silikoni, yakuti, dhahabu na almasi zilipokea upepo wa jua, yaani vipande vidogo kabisa vinavyotoka katika jua bila kukoma. Mavuno yote hayakufika uzito wa nusu ya miligramu. Kazi yote iligharimu dola milioni 264, pesa za raia wa Marekani. Kwa sababu sahani zilikuwa nyepesi kuvunjika, iliamuliwa kwamba hata kutua kwa parashuti kungekuwa kishindo kikubwa mno. Ndiyo maana ya helikopta na ndoano. Watu waliofikiria mpaka hapo hawakuwa wajinga.

Sasa swichi. Kapsuli inapoingia katika hewa ya dunia, hewa inaikaza, mwendo unapungua kwa nguvu. Ndani ya swichi mna kitu kidogo kilichozuiliwa na springi. Nguvu ya kupunguza mwendo inakisukuma, swichi inafunga, na kuanzia hapo saa ya parashuti inahesabu. Lakini kinasukumwa upande mmoja tu. Ukiigeuza swichi, nguvu ileile inakikandamiza pale kilipo na hakiendi popote. Swichi za Genesis zilikuwa zimegeuzwa. Hazikuwa moja tu. Ziliwekwa kadhaa ili moja ikikufa nyingine isaidie, na zote zilitazama upande mbaya. Unaweza kuweka hata mia, haitasaidia kitu kama mchoro wenyewe umekosea.

Na hapa neno "swichi mbovu" linapaswa kukataliwa. Swichi zilikuwa nzima. Fundi aliyezifunga alifuata karatasi aliyopewa. Mwezi mmoja tu kisha ajali, mkubwa wa tume ya uchunguzi, Michael Ryschkewitsch, alitangaza kwamba chanzo kinachoonekana ni kosa la mchoro kuhusu upande wa swichi hizo. Kapsuli ilitengenezwa na kampuni ya Lockheed Martin kwa ajili ya NASA. Mchoro ulipita mikono ya kampuni, ukapita vikao vya ukaguzi, ukapita macho ya NASA. Kila kikao kiliweka saini.

Ilipitaje? Kufatana na tume, kulikuwa na mpango wa kuzungusha kifaa katika mashine ili kipate nguvu sawa na zile za kurudi duniani. Hilo lingetosha. Mashine haibembelezi mtu: swichi inafunga au haifungi. Lakini jaribio hilo lilipunguzwa, likageuka kuwa kulinganisha michoro ya Genesis na ile ya Stardust, chombo kingine cha kampuni hiyohiyo. Wakasema muundo ni uleule, umeshakubaliwa. Haukuwa uleule. Kisanduku cha Genesis kilikuwa kimepangwa upya, na kilipopangwa upya ndipo swichi zilipogeuka.

Kuna jambo baya zaidi. Stardust, ambayo ilitumiwa kama ushahidi, ilikuwa haijarudi duniani! Ilirushwa mwezi wa pili mwaka wa 1999 na ilitua Utah tarehe 15 mwezi wa kwanza mwaka wa 2006. Wakati Genesis inajengwa, hakuna mtu duniani aliyekuwa ameona swichi za Stardust zikifungua parashuti. Waliegemea ukuta ambao haujajengwa. Hata fundi wa garaji anayebadilisha breki za pikipiki huizungusha kwanza uwanjani, hata kama jana alifunga breki za namna hiyohiyo kwa pikipiki ya jirani.

Watetezi wana jibu, na lisikilizwe. Wanasema kila jaribio linaomba pesa na wakati, na kufungua kifaa kilichokwisha kufungwa kunaweza kuharibu kingine. Ni kweli. Lakini miaka hiyo NASA ilikuwa imeshikwa na siasa ya mkubwa wake Dan Goldin: kufanya haraka zaidi, vizuri zaidi, kwa bei ndogo zaidi. Mwezi wa tisa mwaka wa 1999 siasa hiyo ilikwisha kutoza bei yake. Chombo Mars Climate Orbiter kilipotea kwenye sayari ya Mars kwa sababu programu ya Lockheed Martin ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza, na NASA ikazisoma kama vipimo vya metriki. Miezi mitatu baadaye Mars Polar Lander nayo ikapotea. Genesis ilikuwa bado duniani. Kulikuwa na karibu miaka miwili ya kurudi kwenye mashine ile na kupima. Pesa iliyookolewa kwa kuacha jaribio ilikuwa sehemu ndogo tu ya dola milioni 264, na hakuna mhasibu anayeweza kuiita faida.

Wanabaki wale wa "lakini sayansi ilifanikiwa". Ndiyo, ilifanikiwa, na heshima ni ya Don Burnett wa Caltech na wenzake. Sahani zilivunjika vipande zaidi ya elfu kumi, vimechafuliwa na udongo wa jangwani. Watu wale waliviokota kimoja kimoja, wakavisafisha, wakavipima unene, kwa sababu tangu mwanzo sahani za kila namna ya upepo wa jua zilipewa unene wake. Hivyo kipande kiliweza kusema kilikotoka. Mwaka wa 2011 walitangaza kwamba oksijeni ya jua haina mchanganyiko sawa na oksijeni ya dunia yetu, na naitrojeni vilevile. Ni habari kubwa. Lakini miaka iliyokwenda katika kusafisha udongo ni miaka iliyoibwa. Anayechukua jasho la Burnett kumwosha aliyefuta jaribio anafanya jasho hilo kuwa sabuni.

Mambo haya yangebaki ya zamani kama yasingejirudia. Tarehe 24 mwezi wa tisa mwaka wa 2023, kapsuli ya OSIRIS-REx ilirudi Utah na mchanga na mawe kutoka asteroidi Bennu, zaidi ya gramu 120. Watu walipiga makofi. Lakini parashuti ndogo, ile inayotangulia, haikufunguka kama ilivyopangwa. Mwezi wa kumi na mbili NASA ilieleza: katika michoro, neno "kuu" lilikuwa na maana mbili. Upande wa kutuma umeme lilimaanisha parashuti kubwa. Upande wa kupokea lilimaanisha baruti ya kufungulia parashuti ndogo. Mainjinia wakaunganisha "kuu" na "kuu". Amri zikaenda kinyume, parashuti ndogo ikakatwa ikiwa bado imekunjwa.

Mtengenezaji ni Lockheed Martin tena, na jangwa ni lilelile, miaka 19 baadaye. Kilichookoa mchanga wa Bennu ni kwamba parashuti kubwa ilikuwa na nguvu ya kufunguka katika mwendo ambao haikupangiwa. Picha za siku ile zinaonyesha kapsuli imekaa vizuri juu ya ardhi, na watu wanaikaribia.